Plagi Mpya za Baba Natalie

Jumatatu, 2 Juni 2025
Baba Natalie ameweka plagi mpya kwa injini ya gari. Si zile za kawaida — hizi za iridium. Anasema zitapunguza mafuta na gari itavuta kama mpya. Mwanaume ameshindwa kubadilisha balbu ya jikoni tangu Krismasi. Leo anajali plagi?

Ijumaa, 6 Juni
Wiki nzima ameenda Rongai kuuzia maduka mbegu za kampuni, na mshale wa mafuta umeshuka kidogo tu. Akaniita nje nijionee. "Si nilikuambia?" Nimeona kwa macho yangu. Mbona sifurahi?

Jumamosi, 7 Juni
Leo gari ilikuwa yangu. Nimeenda Dundori, kuchukua viazi vya kuuza sokoni. Ule mlima nimeupanda na gia ya pili, injini ikilia vile imekuwa ikilia. Mafuta yameenda kama zamani. Kwani plagi zinajua dereva?

Nikapitia kwa Thuo, makanika wetu. Akatoa moja, akaigeuza kwa mwanga. Si feki, akasema. "Lakini Mama Natalie, hata zile zilitolewa hazikuwa mbaya. Plagi ikizeeka inakula mafuta, ukiweka mpya gari inarudi vile ilikuwa. Kama ya kwanza ilikuwa sawa, tofauti ni kidogo sana. Unaweza hata usiione."

Nikamwambia mzee wangu anaiona, tena kubwa. Thuo akainama kwa injini, akarudisha plagi.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani sikusikia mahubiri. Kama si plagi, basi gari haifiki Rongai. Inashinda wapi?
Nimenusa mashati yake. Jasho tu.

Jumatatu, 9 Juni
Nimepigia Chepngeno, mwenye agrovet, duka la mbegu na dawa za shamba, kule Rongai. Nikajifanya naulizia dawa ya viazi, halafu nikamtaja mume wangu hivi juu juu. Akasema kampuni ilileta msichana mahali pake tangu Aprili, alidhani najua.

Aprili. Na kila asubuhi ananiaga. Na unga analeta nyumbani — anapewa na nani?

Jumanne, 10 Juni
Nimemfuata na boda. Hakutoka hata nje ya town. Akaingia Milimani, kwa matajiri. Nikajiambia, haya, ni mwanamke, tena wa pesa.

Gari ilikuwa imeegeshwa kando ya geti. Yeye alikuwa ndani, na gumbuti na ovaroli, anakata fensi ya miti kwa makasi kubwa. Mama wa nyumba akamwonyesha kwa kidole mahali ameruka bila kukata. Mume wangu akarudia.

Sasa naelewa plagi. Mafuta ilibidi yapate sababu ya kubaki.

Nikasimama nyuma ya mti, nikampigia. Nikamwona akipangusa mkono kabla ya kushika simu.
"Uko wapi?"
"Niko Rongai, mama. Watu ni wengi leo." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Na hii gari siku hizi inavuta."
Nikamwambia ni sawa, tutaonana jioni. Ningesema nini kingine, na yule mama alikuwa anamwangalia?

Amerudi. Amevaa shati la kampuni, limenyooshwa. Amekaa hapa mbele yangu na chai, anadhani naandika hesabu ya viazi. Anasema amefikiria aweke na filta mpya ya hewa, mafuta yatapungua hata zaidi. Ameweka kikombe chini. Anauliza, wewe unaonaje?