Mafuta ya Zeituni ya Kaka Ndaki

Pelagia! Acha unachofanya usome hii.

Leo kaka Ndaki kampeleka binti yake Agape kliniki kuchukua majibu ya damu. Nesi kamwambia mafuta kwenye damu ya mtoto yamezidi. Miaka kumi na tatu tu! Kaka akabisha, "Mbona anakula vizuri, kila siku nyama na samli?" Nesi akajibu, "Ndiyo hayo hayo, baba." Mbele ya foleni nzima!

Kaka kanywea, maana baba yetu moyo ndio uliomwondoa.

Kaambiwa mboga za majani, maharage, samaki, na akiweza mafuta ya zeituni. Kazunguka Kashaulili yote, mwisho kakipata kichupa kwenye duka la vitabu vya dini.

Kakiweka mezani, katoka. Wifi Bernadetha akajua ni ya upako. KAMPAKA MTOTO KICHWANI. Chupa nzima, Pelagia, na sala juu!

Kaka anarudi, binti anameremeta. "Hayo ni ya kupikia!" Wifi akasema, "Si ungesema?" Agape akauliza, "Sasa imepona damu au nywele?"

Tumecheka mpaka kaka akatoa machozi. Kisha, nakuapia, akachukua kisu akakata mchicha mwenyewe. Ndaki! Jikoni!