Kwa Hamisi, Aliyepigiwa Kengele Peke Yake

Mdogo wangu Hamisi,

Barua mbili nilizokupelekea kwa mikono ya mabaharia wa meli ya Kigoma hazikuleta jibu. Hii ya tatu sikuitia ndani ya bahasha. Nimeiandika wazi ili isomwe na yeyote: wewe huko uliko, watu wa mtaa wetu wa Buyenzi waliokupokea bandarini, hata Shomari ikimfikia. Yaliyomo yanawahusu wote, nami nimechoka kuyabeba.

Unanifahamu. Sipendi sentensi isiyo na mwisho. Lakini jambo hili nimelianza mara nyingi kichwani, na kila mara nimekwama njiani, kwa sababu sijui ulikwenda kufanya nini. Basi naanza pale ninapopajua.

Napajua kwenye mzani wa ghala la kahawa. Chama chetu cha ngumi kilikuwa na jozi nne za glavu na kamba za ulingo, lakini hakikuwa na mzani. Kwa hiyo mlinzi wa ghala alikupandisha palepale walipopandisha magunia. Nafasi iliyokuwa imebaki katika safari ya mashindano ya Dar es Salaam ilikuwa ya uzito wa juu peke yake, na uzito huo ulidai mtu apite kilo themanini na moja. Wewe ulikuwa na sabini na tisa, tena na viatu. Kasongo, fundi magari wa kutoka Uvira aliyekuwa akipigana nawe mazoezini, alizunguka mzani ule akikutazama kama anayetaka kununua.

"Mwalimu," akaniambia, "huyu hapana kuwa uzito wa juu. Huyu ni gunia ya kahawa, mwizi amepunguza kidogo."

Ulicheka kuliko sisi sote. Kasongo alikuwa bora kuliko wewe, na wewe ulilijua hilo bila kinyongo. Lakini yeye alikuwa mkimbizi wa ng'ambo ya ziwa, na bendera yetu Warundi haikuwa yake kuibeba. Ilikuwa miaka michache tu baada ya uhuru, na bendera yenyewe bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Ukachaguliwa wewe.

Mama akapewa kazi ya kuzitafuta kilo mbili. Bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese asubuhi, mchana na jioni. "Kula, mwanangu. Mwalimu anataka kilo," alikuwa akisema, kana kwamba kilo zile zingeingia mfukoni mwangu. Na kila baada ya mazoezi alizichukua bandeji zako za mikono, zile alizokukatia kutoka kwenye shuka kuukuu, akaziloweka kwenye beseni. Maji yalitoka rangi ya chai. Siku nyingine, ulipopigana na Kasongo, yalitoka mekundu kidogo. Kisha alizitundika kwenye waya kati ya nyumba na jiko. Nilikuwa nikipita chini ya waya ule kila asubuhi nikienda shule, nikiinamisha kichwa.

Mimi nilisafiri nawe kwa kuwa nilikuwa karani wa chama, na kwa kuwa niliweza kusoma kanuni. Meli, kisha treni, siku na siku. Katika mzani wa Dar es Salaam ulipata kilo themanini na mbili, nikamshukuru Mungu na Mama. Wakatuambia kwamba katika uzito wako wamejiandikisha watu watatu tu. Ikapigwa kura. Wewe ukaiokota karatasi tupu, maana yake ungesubiri, na wale wawili wapigane kwanza. Shomari, mpakia mizigo wa bandari ya palepale, alimshinda mwenzake katika raundi ya pili. Tulimwangalia pamoja. Nakumbuka ulinishika mkono wakati alipopiga ngumi ya mwisho. Ulikuwa mkono wenye baridi, wala sikuuliza kwa nini.

Kesho yake daktari alimkagua Shomari, akakuta kidole gumba cha mkono wa kulia kimevunjika. Akamkataza kupigana.

Kanuni ilikuwa wazi, nikakusomea neno kwa neno. Mpiganaji aliyefika ataingia ulingoni akiwa amevaa kikamilifu. Jina la mwenzake litaitwa. Kengele itapigwa. Zikipita dakika tatu bila mwenzake kutokea, mwamuzi ataunyanyua mkono wa aliyefika.

"Kwa hiyo nitavaa glavu?" uliuliza.

"Utavaa."

"Ya kumupiga nani?"

Nilikufunga bandeji, nikakaza kamba za glavu, nikakupandisha.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Waliliita jina la Shomari, naye mwenyewe alikuwa ameketi safu ya pili, mkono ukiwa kwenye kitambaa, akitazama chini. Kengele ikalia. Uligeuka ukanitazama. Nilikuambia, "Simama wima. Mikono juu." Hayo ndiyo yalikuwa mafundisho yangu yote kwako siku ile.

Hapo ndipo palipo na jambo la kwanza nisilolielewa. Hukusimama. Ulikwenda katikati ya ulingo, ukainua ngumi, ukaanza kuzunguka kushoto, polepole, kama ulivyozunguka na Kasongo. Watu walicheka. Mmoja alipaza sauti, "Mrundi, mwangalie asikubane kwenye kona!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wewe ukaendelea kuzunguka. Hukurusha ngumi hata moja. Kicheko kikapungua, kikaisha. Na katika dakika ya pili, naapa niliona, ulirudi nyuma hatua moja, kichwa kikaenda upande, kama mtu aliyeguswa.

Nani alikugusa, Hamisi? Nilikuwa umbali wa hatua tatu. Ulingo ulikuwa mtupu.

Mwamuzi akaunyanyua mkono wako. Ukavishwa medali ya mshindi wa kwanza, ukapewa na cheti. Ndani ya treni, tulipokwisha kupita Tabora, ukaniuliza, "Kaka, mi nimemushinda nani?"

"Umemshinda asiyekuja," nikasema. "Kanuni ni kanuni."

Nililiona kuwa jibu zuri. Sasa nikilisoma tena naona halina nyama.

Juu ya meli, milima ya kwetu ilipoanza kuonekana, ulikuja ukachuchumaa karibu nami. "Tukifika, uwaambie we. Mi nikisema watasema ninajishusha. Waambie sikupiga mutu."

"Nitawaambia," nikasema.

Unakumbuka bandari siku ile. Wanawake wa Buyenzi na vigelegele vyao, wanachama wamevaa mashati meupe, na wazee waliokuja kwa miguu. Hatukuwa hata tumeteremka vizuri, bibi mmoja akakushika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kulia na kushoto mbele za watu kama anayekagua chungu.

"Angalieni mutoto wetu. Hata mukwaruzo hana. Hawakumugusa."

Neno hilo likapita watu wote. Hawakumugusa. Amekwenda Dar es Salaam kupigana na majitu, amerudi na uso wa bwana harusi. Hapakuwa na mtu aliyejiuliza kama uso usio na alama unaweza kuwa na maana nyingine. Wakanipandisha kwenye lori ili nitoe taarifa, kwa kuwa mimi ndiye Mwalimu, msema kweli, ninayewasahihisha watoto wao, na wao wenyewe wasipoangalia.

Nikasema hivi, na sijasahau neno hata moja: "Hamisi aliingia ulingoni. Kengele ikapigwa. Mwisho wa muda, mwamuzi aliunyanyua mkono wake."

Kila neno lilikuwa kweli. Pale ilipotakiwa sentensi ya nne, nilinyamaza. Wakapiga kelele, wakakubeba. Nawe, juu ya mabega yao, uligeuka ukanitazama kama ulivyonitazama kengele ilipolia. Niliinamia karatasi zangu.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejihoji kama ninavyohoji wanafunzi. Nikisema ni kwa ajili ya watu wale, waliokuwa na kiu ya kushinda kitu chochote, naona nusu ya jibu. Nikisema ni kwa sababu ya Mama, aliyesimama nyuma kabisa na mtandio mpya, naona nusu nyingine. Lakini nusu mbili hizo nikiziunganisha hazifanyi kitu kizima. Labda niliogopa tu. Sijui. Ni vigumu kwa mtu wa umri wangu kuandika neno hilo mara nyingi namna hii.

Baada ya hapo hukuweza kwenda sokoni. Kila mtu alitaka kuunyanyua mkono wako. Kwenye harusi walikuketisha mbele, karibu na mashehe. Na Kasongo, aliyejua kila ngumi yako kwa sababu alizipokea zote, alikuuliza mbele yangu pale gereji, akiwa amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo ikionekana.

"Hamisi, eh. Ulimupiga na mukono gani, yule mutu ya Dar?"

"Uliza kaka."

Kasongo akatoka chini ya gari, akajifuta, akaniangalia. "Mwalimu?"

"Soma cheti," nikamwambia. "Kimeandikwa."

Wiki iliyofuata mlipigana mazoezini. Alikuja na hasira, nawe ukashusha mikono. Alikupiga mara tatu, ya nne akaizuia hewani. Alivua glavu akazitupa. "Apana. Mi sipigi mutu mwenye anatafuta kupigwa." Nilidhani umechoka. Niliandika hivyo katika daftari la chama: amechoka.

Ukaondoka Ijumaa, baada ya sala. Niliporudi nikaikuta medali imewekwa juu ya madaftari niliyokuwa nikisahihisha, na kipande cha karatasi: Kaka, naenda kwa Shomari. Ulichukua viatu vyako vya ngumi. Glavu uliziacha, na bandeji uliziacha.

Hapa ndipo akili yangu inapogota. Kama ulikwenda kupigana naye, mbona uliacha bandeji? Kama ulikwenda kumwomba radhi, mbona hukuchukua medali? Na viatu vilikuwa vya nini? Baharia mmoja alisema alikuona bandarini Dar es Salaam unabeba magunia, unakula sahani moja na mtu mkubwa mwenye kidole gumba kilichopinda. Mwingine alisema alikuona na jicho lililovimba, unacheka peke yako. Niliwauliza ilikuwa kabla au baada, wakashangaa: kabla au baada ya nini, Mwalimu?

Juzi nilimwambia Mama. Alikuwa akichambua maharage barazani. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu, lakini nikatoa maneno matatu tu.

"Mama, Hamisi hakupigana."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Umejua tangu lini?"

"Siku mulirudi. Nilifungua muzigo yake nifue zile bandeji. Nikakuta nyeupe, vile nilizifua mi mwenyewe. Hata jasho hazina."

Nilikaa chini. Maharage yalikuwa yakianguka kwenye sinia.

"Mbona hukusema, Mama?"

"We ndiye Mwalimu," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme."

Kumbe sote watatu tulijua, ndani ya nyumba moja, tukila chungu kimoja. Na aliyeomba lisemwe alikuwa mmoja tu, akapanda meli.

Basi nalisema sasa, nao watu wa Buyenzi wasikie. Hamisi hakumpiga mtu Dar es Salaam, wala hakupata kusema kwamba amempiga. Alisimama peke yake mbele ya kona tupu kwa dakika tatu. Aliyewafanya mwamini vingine ni mimi, juu ya lori, kwa maneno yaliyonyooka. Jana nilimsomea Kasongo aya hii kabla ya nyingine zote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mi nilijua. Ila nilitaka kusikia kinywa yako." Kisha akarudi chini ya gari.

Medali iko mezani kwangu. Kama ulipigana na Shomari akakushinda, niandikie, nitampelekea. Kama ulimshinda, njoo uichukue. Na kama mlikula tu sahani moja bila kupigana, basi sijui ni ya nani. Nimeisoma kanuni yote upya, na hilo halimo. Wala halimo lile jingine: ni nini kilichokugusa dakika ya pili. Ukiweza, anza na hilo.

Mama alizifua bandeji zako tena leo asubuhi, ingawa ni safi. Nilimwambia hazina uchafu, akanitazama kama anayenisubiri nimalize. Amezitundika kwenye waya uleule. Nilipokwenda shule nilipita chini yake, nikasahau kuinamisha kichwa, zikanigusa usoni. Zilikuwa bado zimelowa.

Nakuaga hapa, bila kujua kama naaga au naita.

Ni mimi kaka yako, niliyekuwa kwenye kona yako.