Mtoto Mmoja wa Kupanda Miti

Njombe
28 Februari 1955

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Fidelia tunaendelea vizuri, ila baridi ya huku imemfanya mdogo wangu ahamie kwenye soksi zangu, na mimi nalala miguu wazi. Goti lako linasemaje? Yule mbuzi ameshazaa?

Kuna jambo limenifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Jumamosi ya tarehe 19 Machi watu wote wa shule na makanisa watakusanyika katika bustani ya Serikali, pale chini ya Boma. Bwana Miti, yule Mzungu wa idara ya misitu, anataka tuisifu misitu na mito kwa nyimbo na kazi za mikono. Karatasi niliyoletewa imepigwa chapa, nainakili: "Kwaya. Ngoma. Picha za ndege na maua. Vyungu na vikapu. Kupanda miti, mtoto mmoja kwa kila shule."

Kwaya ninayo na vikapu vipo. Hilo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mwalimu mkuu yuko kitandani kwa homa, na kwenda Boma kuuliza naona aibu, maana mkaguzi wa shule atakuwepo siku hiyo na mwaka wangu wa majaribio unaisha mwezi huohuo. Nimewajaribu watoto kwenye miti ya nyuma ya shule. Fidelia amewashinda wote, hata wavulana wa darasa la nne. Pale bustanini upo msunobari mkubwa, matawi yake yamepangana kama ngazi.

Nimetunga wimbo wa beti tatu. Ubeti wa kwanza anakwea, wa pili anafunga kitambaa chekundu juu, wa tatu anashuka. Kila mstari ni tawi moja. Nimemfundisha asisogeze mguu bila kusikia mstari, ili asiwe na haraka.

Mwanao,
Yonathani


Lyamkena, Makambako
4 Machi 1955

Kamwene, mwanangu Mwalimu,

Goti linauma nikikaa na linauma nikisimama, kwa hiyo nimeamua kutolishughulikia. Mbuzi amezaa mapacha. Haya, salamu zimekwisha.

Yonathani, umelogwa? Nyumba hii imeshampoteza mtu kwa mti. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, ulikuwa chini ya mti uleule baba yako alipoanguka na mzinga wake wa nyuki. Wewe ndiwe uliyekuja kuniita shambani. Tangu siku hiyo hujakwea hata mpera, mimi nakuona na sisemi. Leo unamweka Fidelia kileleni ili afunge kitambaa mbele ya Wazungu? Tena ni mtoto wa kike, na gauni!

Sijui Bwana Miti ana akili ya namna gani, kuona sifa ya mti ni kuukanyaga. Mtoe Fidelia. Weka mwingine, au usiweke mtu.

Nimeandika kwa hasira, usijali mistari iliyopinda.

Mama yako


Njombe
9 Machi 1955

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama wima kama mtoto anayekaripiwa. Kuhusu gauni usiwe na shaka, atavaa kaptula yangu ya zamani, nimeikunja kiunoni.

Nimefikiri sana. Nikimtoa dada yangu kwa kuogopa, kisha nikampandisha mtoto wa mwenzangu, nitamtazamaje mama yake? Nisipoweka mtu, shule yetu itaonekana haina chochote na mimi nitaonekana sifai. Fidelia mwenyewe amelia nilipomwambia nitamwacha. Sina njia nyingine. Tunafanya mazoezi taratibu, na nimetandika majani makavu chini.

Usiku naota ndoto mbaya, lakini hilo si la kukuandikia. Tuombee.

Mwanao,
Yonathani


Lyamkena
17 Machi 1955, Alhamisi

Yonathani,

Leo sina salamu. Soma haraka.

Mwalimu Nahumu wa shule ya hapa amepita kwangu kuomba makopo matupu. Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kuwekea miche, maana wanakwenda Njombe Jumamosi kupanda miti. Nikamwambia anionyeshe karatasi. Ni hiyohiyo yako, neno kwa neno. Miti ya KUTIA ARDHINI, mwanangu. Mtoto mmoja, mche mmoja, shimo moja. Kwetu hizo kazi mbili kila moja ina neno lake, ila Kiswahili kimezipa neno moja, nawe ukachagua lile la kuua.

Nilicheka mpaka Nahumu akashangaa, kisha nikamwomba kalamu nikaanza kukuandikia.

Silvesta anaondoka na lori kesho alfajiri. Ameapa kukupa barua hii mkononi. Mpe Fidelia jembe.

Mama yako


Lyamkena
20 Machi 1955, Jumapili

Mwanangu,

Uko salama? Fidelia yuko salama?

Baada ya ibada nimesikia kwamba lori la Silvesta limekwama kwenye tope tangu Ijumaa na hajafika Njombe. Kwa hiyo jana hukujua. Tangu nisikie sijaweza kula. Kila mtu anayekuja kwa barabara ya Njombe namtazama usoni kabla hajanisalimu. Niandikie neno moja tu, hata likiwa baya.

Mama yako


Njombe
22 Machi 1955

Mama,

Fidelia ni mzima. Naanza na hilo makusudi. Barua zako zote mbili zimefika leo kwa pamoja, ile ya kwanza imelowa.

Jumamosi tuliitwa wa kwanza. Nikanyoosha mkono, watoto wakaanza kuimba, Fidelia akaanza kukwea. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Alipofika tawi la tano nikaona shule ya Mdandu wanaingia langoni na mtoto wao amebeba kopo lenye mche. Nyuma yao wengine, na makopo. Nikaelewa palepale, hakuna aliyenieleza. Watu wakaanza kucheka. Mkaguzi akanijia akanishika mkono, akaniamuru ninyamazishe kwaya na mtoto aitwe ashuke. Nikaendelea kuongoza kwa mkono mwingine. Akaamuru tena, kwa sauti, wageni wakisikia.

Nikamwambia, "Akikanyaga chini, bwana, nitasimama."

Ubeti wa tatu niliuimbisha polepole sana. Mara moja mguu wake uliteleza, ganda la mti likaanguka mpaka miguuni kwangu. Akangoja mstari unaofuata. Alipofika chini hakuna aliyekuwa anacheka, na Fidelia akaniuliza kama ameshinda. Mkaguzi ameandika kwenye daftari lake kwamba nilikataa amri mbele ya watu. Nitapewa jibu mwisho wa mwezi, na nadhani nalijua.

Mama, kuna kitu sijawahi kukwambia. Nilisema tawi la baba lilikatika. Halikukatika. Niliona tumbili na mtoto wake mgongoni, nikataka baba naye amwone, nikamwita. Akageuka kunitazama. Ndiyo maana Jumamosi sikuweza kumwita Fidelia, hata wangenifunga.

Sijui utanionaje baada ya hapa.

Yonathani


Lyamkena
26 Machi 1955

Kamwene, mwanangu,

Tumshukuru Mungu kwa uzima wa Fidelia, na kwa mkono wako ambao haukushuka.

Baba yako hakufa papo hapo. Wewe nilikutuma kwa mchungaji, ulipokimbia yeye alizungumza nami. Alisema, "Yonathani aliniita, nikageuka, maana alikuwa na furaha." Akaniomba nisikuulize kamwe, ningoje useme mwenyewe, asije mtoto akadhani anashtakiwa. Kwa hiyo nimejua miaka yote saba. Kila ulipokuja likizo nilikaa jikoni karibu nawe nikisema labda leo, ukala, ukaosha sahani, ukaenda kulala. Nilichoka sana kungoja, Yonathani. Nisamehe kwa kumtii.

Wakikufukuza, njoo nyumbani. Wasipokufukuza, njoo Pasaka. Nataka uniambie yule tumbili alikuwaje.

Mama yako