Uso Wangu Kwenye Sinia la Samaki

Kamenge, Bujumbura

Kwa dada yangu mpendwa, Yaya Asiya,

Assalamu alaykum. Natumai huko Uvira hamjambo, wewe, shemeji na watoto, na kwamba lile jino lako limetulia. Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua. Mimi mzima wa mwili, lakini chakula hakipiti. Usishangae kuona naandika kutoka Kamenge badala ya nyumbani Buyenzi, nitakueleza.

Ulisikia kuwa Faruk, muuza samaki wa Kanyosha, ameniposa. Hukusikia alivyokuja kuniona. Alitoka dukani bila hata kunawa, akanishika kidevu mbele ya baba, akanigeuza uso huku na huku, akanifunua mdomo kwa kidole gumba. Akasema mimi bado mbichi, si kama Khadidja, mke aliyemwacha, ambaye eti alishaoza. Baba akacheka. Yaya, ladha ya kile kidole ilinikaa mdomoni siku nzima. Nasukutua, ipo. Nakunywa chai, ipo. Ptuu!

Unanijua, mbele ya baba mdomo wangu mzito. Kisha mama akaniomba picha ya kupeleka kwa kina Faruk, kama ilivyo desturi, wamwone bibi arusi kabla ya ndoa. Nikaenda kwa rafiki yangu Joëlla, mwenye studio hapa Kamenge. Ndiye aliyenizoeza kujipiga picha nikiwa na jambo lisilosemeka. Nikajitanda kitenge cha posa, nikalaza kichwa kwenye sinia, kati ya samaki wabichi wa mukeke na barafu, macho wazi, mdomo wazi, nikatega kamera inipige yenyewe. Nilipoiona picha nilitapika, nikajua ndiyo yenyewe. Niliifunga kwenye bahasha, mama akaipeleka bila kuitazama. Nilidhani posa itavunjika siku ileile.

Asiyejua maana haambiwi maana. Faruk kaipenda! Kaichapisha kubwa kama mlango, kaitundika juu ya mizani, anawaambia watu mke wake ana akili ya biashara. Wateja wanapiga picha nayo. Mwanamke nisiyemjua kanipongeza njiani, kaniita Bibi Mukeke. Na nzi wa duka lile wananitembea usoni.

Sasa nikuambie nilichofanya, kabla hujasikia kwa watu. Jana nilikwenda dukani nikaing'oa ile picha, wateja wakitazama. Faruk akacheka, akanyoosha mkono uleule kwenye kidevu changu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe: “Apana. Mi sikutaki. Unanitia kinyaa.”

Nikarudi nyumbani, nikamwambia baba hivyohivyo, kwamba mtu huyu simtaki. Safari hii hakucheka. Alisema nisikanyage kwake mpaka nikamwombe Faruk radhi. Mama alilia, lakini alinifungia nguo zangu yeye mwenyewe. Radhi siombi, Yaya. Sasa nalala hapa kwa Joëlla, na Jumamosi navuka mpaka nije kwako, ukinipokea. Ukinipikia, nipikie maharage.

Leo asubuhi nimejipiga picha nyingine, nakuwekea humu. Haina sinia wala kitenge. Nimenawa uso tu.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, siku hizi mwenye mdomo,
Hayat