Marene wangu anataka nisimame nyuma yake

Mama Angèle mupendwa,

Ninakuomba unisaidie, na unisamehe kama barua ni ndefu, sababu kwa mudomo siwezi, mimi ni mutu wa haya sana, hata darasani mwalimu akiuliza ninajua jibu kwa Kifaransa na kwa Kiswahili na bado ninaangalia chini, basi nikaona heri nikuandikie hapa gazetini, na majina yote nimebadilisha.

Nina miaka kumi na saba, asubuhi ninasoma na mchana ninajifunza kushona katika atelier moja hapa Goma, na kwa kuwa sendika yetu, chama cha washonaji, inatuma wajumbe watatu kwenye baraza la masendika ya jimbo, mama mumoja, baba mumoja na kijana mumoja, mwaka jana wenzangu walinichagua mimi kuwa yule kijana, si kwamba ninajua kusema, ila ninanyamaza na walifikiri mutu wa kunyamaza anasikia. Kazi yangu ni kusikiliza kule na kurudi kuwaeleza. Hiyo ninaiweza.

Baraza lenyewe linakusanya masendika mengi, walimu, wabeba mizigo wa soko, wanamotari wa pikipiki, wafanyakazi wa hoteli, na sisi. Mukutano wa wajumbe wote ndio uko juu, ndio unachagua biro, yaani prezida, katibu na muweka hazina, na biro inapaswa kurudi kutuuliza mbele ya kutia sahihi jambo lolote kwa jina letu. Prezida wa sasa ni Mama Valérie, wa sendika ya hoteli, na hapo ndipo shida yangu inaanza, sababu Mama Valérie ni marene wangu, mama yangu wa ubatizo. Tulipokimbia vita kule Kibumba na mama yangu ni yeye alitufungulia mulango, tukalala kwake mpaka tukapata nyumba, na ni yeye alinipeleka kwa fundi nijifunze. Sina neno baya juu yake.

Lakini mwezi uliopita biro yake ilipatana na wenye ma-atelier bila kutuuliza, na katika mapatano hayo mama hana tena ruhusa ya kuja na mutoto kazini. Kwetu kuna mama mumoja, nitamuita Aksanti, mutoto wake alikuwa analala kwenye kitenge chini ya meza ya kukatia, sisi wote tulikuwa tunamubembeleza kwa zamu, na leo Aksanti haji tena, mashine yake imefunikwa. Wenzangu wakakasirika. Tukakutana, wakasema wajumbe wetu wote watatu wasimame nyuma ya Papa Munyaneza wa wabeba mizigo, anayegombea uprezida, yeye ameahidi kurudisha mapatano yale mbele ya mukutano, na walipouliza nani anakubali, mimi pia niliinua mukono. Niliinua kwa roho moja.

Kisha Jumapili, watu wakitoka misa, marene akaniita. Lazima nikuelezee kwamba kwetu kura haipigwi kwa karatasi, wagombea wanasimama katika uwanja wa parokia na kila mujumbe anaenda kujipanga nyuma ya mutu wake, na wote wanaona. Akanishika bega, akasema, "Mutoto wangu, ile siku nataka wewe ukuwe wa kwanza nyuma yangu. Wengine wakikuona, watakuja."

Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Mama Angèle, nani anaweza kumujibu marene wake hapana? Sasa baba tunayetumwa naye kwenye baraza, Papa Habarurema, ameisha kujua, kila siku ananitania, ananiuliza nimechagua kuangalia mugongo gani, eti mutu mwembamba kama mimi anaweza kujipasua katikati akasimama mistari miwili, atelier nzima inacheka, mimi pia ninacheka.

Nimewaza nibakie nyumbani, nitasema ni malaria. Tayari wajumbe wa Butembo na Beni hawafikake tena sababu ya barabara, na kanuni inasema bila theluthi mbili ya wajumbe hakuna uchaguzi, biro ya zamani inaendelea, hata sasa hesabu inafika kwa shida, lakini mimi ni mutu mumoja tu, na kijana, sidhani nitaonekana. Nikibakia nyumbani sitakuwa nimemukosea mutu yeyote. Si ni kweli? Uchaguzi ni mwisho wa mwezi huu.

Mwenye haya, mutaa wa Katindo

*

Mwanangu,

Kuwa na haya si dhambi. Wenzako walijua unayo na bado walikutuma, kwa hiyo usijifiche nyuma yake. Ninakuhurumia kweli. Mtu aliyekufungulia mlango ulipokuwa huna pa kulala hawezi kuwa mgombea tu kama wengine. Ungekuwa umekuja nyumbani kunieleza haya, ningekukalisha kwanza nikupe chai.

Sasa chai imekwisha, nisikilize.

Hiyo malaria yako ni kura. Umeniandikia mwenyewe kwamba hesabu inafika kwa shida, na hukuona unachokiandika. Ukikosa wewe, uchaguzi unaweza kuanguka, biro inabaki, mapatano yanabaki, na Aksanti anabaki nyumbani na mtoto wake. Utakuwa umemchagua marene wako bila hata kusimama naye juani. Yeye mwenyewe hastahili ushindi wa namna hiyo.

Tena ulidhani amekuomba kitu chako. Kiti kile ni cha washonaji. Walikutana, wakasema, ukainua mkono. Mtu aliyetumwa sokoni na majirani kuleta maharagi hawezi kurudi na samaki kwa sababu muuza samaki ni shangazi yake. Shukrani kwa marene unayo mikononi mwako: mshonee nguo, mchotee maji, muombee. Usimlipe kwa sauti ya Aksanti.

Na yeye amekosea, nasema hivyo hata kama anasoma hapa. Prezida wa baraza hamshiki bega mjumbe wa miaka kumi na saba mlangoni mwa kanisa. Lakini kumgombeza si kazi yako. Kazi yako ni kumrudishia ile ndiyo uliyomdanganya nayo.

Na usingoje uwanjani. Akikuona kwa mara ya kwanza ukiwa katika mstari wa mwingine, mbele ya jimbo zima, itamuuma kuliko kushindwa. Nenda kwake wiki hii, nyumbani. Mama yako akusindikize, ila asiseme badala yako. Sauti ikikataa kutoka, sema haya tu: "Mama, wenzangu wamenituma nyuma ya Papa Munyaneza, na nilikubali kabla wewe hujaniita. Nilikujibu ndiyo kwa woga." Kisha nyamaza, hiyo unaijua. Akigomba, mwache agombe, usitoke mpaka amalize. Akitulia, mweleze habari za Aksanti. Pengine katika biro hakuna mtu aliyewahi kumweleza.

Kama kweli huwezi, basi rudisha kiti kwa wenzako leo hii, wamtume kijana mwingine muda ungalipo. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kukikalia halafu kukiacha wazi siku wanayokihitaji. Na huyo Papa Habarurema, mwambie Mama Angèle anamuuliza kama yeye kanzu yake ya siku hiyo ameishona, au anashona maneno tu.

Siku yenyewe fika mapema. Jipange nyuma ya Papa Munyaneza, uinue kichwa. Na mistari ikiisha kuhesabiwa, vuka uwanja mbele ya wengine wote ukamsalimie marene wako kwa mikono miwili. Akishinda, watamzunguka wengi na pengine hatakuona. Akishindwa, wengi watajifanya hawamwoni. Wewe nenda.