Leso Niliyompelekea Jukwaani

Jumapili, katikati ya Julai. Joto limeshika tangu asubuhi na feni inazungusha hewa ileile ya moto. Sikwenda kanisani. Nimewaambia kichwa kinaniuma, na huo ni uongo.

Kinachoniuma ni aibu.

Jana binti yangu Moraa alipiga fidla na wenzake wa shule kwenye banda kuukuu nje kidogo ya Anoka, mji tunaoishi huku ughaibuni. Banda kweli, la ng'ombe, lenye mbao zilizopauka na marobota ya nyasi kavu ya kukalia. Ng'ombe wameondolewa, watu wameingizwa, na watu hao wamefurahi kabisa. Ningemweleza marehemu mama kule Kisii kwamba huku tunavaa vizuri kwenda kukaa bandani, angenishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nilibadilishana zamu kazini, kule ninakotunza wazee, ili nifike. Mwezi ujao Moraa anaenda chuo kikuu, jimbo jingine. Tumekuwa wawili tu tangu baba yake afariki, na bado hatuongei sana. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, tunaelewana na hakuna anayesogea. Nilitaka ajue kabla hajaondoka kwamba ninajivunia yeye. Hilo tu.

Muziki ulikuwa mtamu, sitadanganya. Milango mikubwa ilikuwa wazi, saa mbili usiku na jua la kiangazi cha huku bado linaingia hadi miguuni kwetu. Halafu Moraa akasogea mbele, akapiga peke yake. Sikujua mtoto wangu ana huzuni kiasi hicho ndani yake, wala kwamba anaweza kuifanya ipendeze hivyo. Nililia bila kujificha.

Kisha nikafanya tunachofanya sisi. Nilitoa mkobani leso nyekundu ya mama, ile kanga niliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikapiga vigelegele, nikapanda jukwaani nikicheza ili nimfunge mabegani. Kanisani kwetu mtu akiimba vizuri namna ile, akina mama hawangoji amalize. Foleni nzima ingekuwa nyuma yangu.

Hakuna aliyenifuata.

Nilisikia sauti yangu peke yake ikigonga paa. Wenzake wakaangalia viatu vyao. Moraa akashusha upinde, leso ikining'inia bega moja, akainama sikioni kwangu.

"Mama, shuka. Unaniaibisha."

Kwa Kiswahili, safi kabisa, ili wenzake wasielewe.

Nikashuka. Nilikaa kwenye robota langu hadi mwisho, nikipiga makofi walipopiga wao, si zaidi. Mama mmoja Mzungu alinigusa mkono akasema ilikuwa nzuri sana, kwa sauti ileile ninayotumia mimi mzee ninayemtunza akimwaga uji.

Leo asubuhi nimekuta leso mezani jikoni, imekunjwa vizuri, pembe juu ya pembe, na yeye ameshatoka.

Tangu aanze shule huku nimekuwa nikimwomba anijibu kwa Kiswahili. Nimembembeleza, nimegomba, kuna wiki nzima nilijifanya sisikii Kiingereza. Jana alinijibu. Nilichoka kumsubiri aniongeleshe, na sasa ningetoa chochote asiwe ameniongelesha.

Na pia najua ana haki. Ilikuwa siku yake, mimi nikaingia katikati. Kujua hivyo hakunisaidii.

Sanduku lake liko wazi sebuleni, nusu limejaa. Nimeiweka leso chini ya masweta, nikaitoa, nikaiweka tena. Sasa iko hapa magotini ninapoandika. Bado inanuka nyasi kavu.

Nikiificha humo, siku atakayoikuta huko ugenini ataivaa, au ataikunja tena vizuri hivi?