Koti ya Mvua kwa Jua la Alhamisi

Giheke, mwezi wa saba 2001

Dada Niyonsaba,

Salamu zikufikie Bukavu. Huu mulima wetu, bazee bengine banapumuzika mara mbili. Mimi napanda bila kusimama. Lakini nilishuku kijana wangu Karangwa, huyu anataka tumuite Gaju, jina la musichana.

Kila Alhamisi anaenda kwa maman mushauri, kumuambia ile aliona kwa vita. Asubuhi yote anabadilisha nguo, kisha anatoka na koti yangu ya mvua. Na jua kali! Nikajua iko mwanaume. Nikasimama mulangoni.

«Fungua vifungo.»

Ndani, kitenge cha marehemu mama yake.

«Unajipambia nani?»

«Hakuna, Papa. Nikivaa suruali, mushauri anaongea na muntu mwingine. Nikivaa kitenge, njiani batanipiga mawe.»

Alhamisi iliyofuata koti ilibaki nyumbani. Nilimutangulia na fimbo, na hakuna muntu alifungua kinywa. Mushauri mwenyewe bado simuamini. Nilikaa mulangoni kwake mpaka bakamaliza.

Tuma kitenge kirefu, dada. Cha mama yake kinamuishia kwa magoti. Urefu Gaju aliutoa kwangu.

Kaka yako asiyechoka,
Niyomugabo